Kufuli kwenye Mlango wa Lasair

Nuala Kehoe hakumnywesha farasi maji kabla hajayanusa yeye mwenyewe. Aliinamia ndoo, akavuta pumzi, akachovya kidole na kuonja. Vijana wa mazizi ya mkufunzi Fintan Scully, pembeni mwa uwanda wa mbio za farasi wa Curragh, walimcheka. Watu wazima hawakucheka, kwa sababu walimkumbuka baba yake. Lar Kehoe alikuwa mtunza farasi hodari mpaka farasi mmoja wa mashindano alipotiliwa dawa ya kumlegeza akiwa mikononi mwake. Aliyefanya hivyo hakujulikana. Lar akafukuzwa kazi, na tangu hapo kila alipoingia baa, mazungumzo yalikatika. Nuala alikulia ndani ya ukimya huo. Alipoanza kazi ile ile akiwa msichana, alianza akiwa macho, na sasa alikuwa amepita hamsini kidogo na bado alikuwa macho.

Kati ya farasi wote aliowahi kuwatunza, hakuna aliyemwingia moyoni kama Lasair, jike mwekundu mwenye hasira za karibu na mbio za ajabu. Majira ya kuchipua alishinda mara mbili. Kiangazi kilipoingia, akaharibika. Akawa anaacha nusu ya nafaka yake. Alipiga miayo mchana kweupe, akasaga meno kwenye ubao wa mlango, na Nuala akikaza ukanda wa tandiko tumboni, anageuza shingo kutaka kumng'ata. Manyoya yakafifia. Alipopelekwa Uingereza kwa lori na meli, alimaliza wa mwisho.

"Amechoka tu," alisema Scully.

"Bosi, kuna mtu anamchezea huyu."

"Nuala, usianze."

Alikuwa ameshaanza, na mtu mwenyewe alikuwa ameshampata. Malachy Brogan, mnyapara mpya wa mazizi, alifika wakati ule ule Lasair alipoanza kudhoofika. Alitokea kwa mkufunzi aliyekuwa mshindani mkubwa wa Scully, na hakumwambia mtu kwa nini aliondoka huko. Alikuwa mrefu, mwembamba, uso wa kijivu. Hanywi pombe. Asubuhi wenzake wakikaanga soseji, yeye hujitenga na bakuli lake la uji mwepesi. Mtu gani anajitenga na soseji? Siku moja Nuala akamkuta ameingiza mkono ndani ya hori la Lasair.

"Unatafuta nini humo?"

"Naangalia amebakiza kiasi gani."

"Hiyo ni kazi yangu."

"Najua," Malachy alijibu, akamkazia macho. "Kila kitu cha huyu farasi ni kazi yako."

Kesho yake akamhamisha Lasair. Nyuma ya banda la nyasi kavu kulikuwa na zizi la zamani la mawe, dirisha lake dogo limeelekea ukutani. Akampeleka huko, akanunua kufuli, na ufunguo akauvaa shingoni chini ya sweta. Scully alinung'unika, lakini Nuala alipotishia kuacha kazi, akamwachia. Sasa hakuna aliyeweza kumgusa. Mchana kabla ya kwenda kwake Nuala alimjazia nafaka, nyingi kuliko za wengine, ili arudishe mwili, kisha akafunga. Waliogawa nyasi jioni walimruka Lasair, maana hawakuwa na ufunguo. Asubuhi Nuala alimtoa moja kwa moja kwenda mazoezini, tumbo tupu, kama alivyofundishwa na baba yake: farasi aliyeshiba hakimbii.

Lasair akazidi kukonda.

Mtu mwingine angejiuliza. Nuala aliona ni ushahidi kwamba adui yake ni mjanja. Akawa anazunguka njia ya nyuma ili amfume Malachy, na kweli, mara mbili alimwona amesimama karibu na lile zizi la mawe, mikono mfukoni, haongei, hafanyi kitu. Asubuhi moja ya manyunyu akaokota kidonge cheupe kwenye kizingiti cha Lasair.

Akakifunga kwenye leso, akavuka ua mbiombio. Scully alikuwa amesimama na Malachy, na Daktari Sorcha Lenihan, daktari wa wanyama, alikuwa amechuchumaa anapapasa mguu wa farasi mwingine.

"Hiki hapa, bosi! Sasa uniambie nisianze!"

Malachy akajipapasa mfuko. "Ni changu hicho."

"Mmesikia? Kakiri mwenyewe!"

Malachy akakichukua kutoka kwenye leso, akakifuta kwenye mkono wa koti, akakitupia mdomoni na kukitafuna kwa kelele kama mtu anayetafuna chaki.

"Vidonda vya tumbo," alisema. "Ndivyo vilivyonitoa kule nilikokuwa. Nilikuwa natapika damu. Ulitaka niwatangazie hayo mkiwa mnakula?"

Mmoja wa vijana wa mazizi akacheka. Nuala hakucheka. "Na pale mlangoni ulikuwa unavizia nini?"

"Nakuvizia wewe."

"Mimi?"

"Farasi anakwisha, na mwenye ufunguo ni mmoja. Ungekuwa mimi, ungemshuku nani?"

Yaliyosemwa nyuma ya mgongo wa baba yake, leo yeye ameambiwa usoni.

Daktari Sorcha alikuwa amesimama. "Huyo farasi anasaga meno? Anapiga miayo?"

"Anafanya hivyo," Nuala alijibu polepole.

"Basi nitamwangalia tumboni."

Nuala hakutaka. Nani ajuaye daktari yuko upande wa nani? Alikubali kwa sharti kwamba yeye mwenyewe ataona kila kitakachoonekana. Siku ya pili yake daktari akapitisha mpira mrefu wenye kamera puani mwa Lasair, Nuala akiwa ameshika kichwa cha farasi, macho kwenye kioo cha kamera. Ukuta wa tumbo ulionekana wa waridi, kisha vikatokea vidonda, vya manjano na vyekundu, vingine vinachuruzika damu.

"Sumu hiyo," Nuala alinong'ona.

"Ni asidi yake mwenyewe. Tumbo la farasi haliachi kuitoa, awe amekula au hajala. Akitafuna nyasi, mate yanaipoza. Asipopata kitu, inamla. Na ukimkimbiza na tumbo tupu, inaruka mpaka sehemu ya juu ya tumbo, kwenye ngozi isiyo na kinga." Daktari akageuka. "Nyasi za jioni anapewa na nani?"

Nuala akaushika ufunguo kifuani.

Scully akaanza kufoka, lakini daktari akamkata: "Na wewe, ile dawa ya maumivu ya mguu niliyokupa umpe Lasair kwa muda mfupi, uliacha kumpa lini?" Scully akakohoa, akatazama viatu vyake. Hakuwa ameacha. Daktari hakuwaficha: dawa ile inayochubua tumbo, nafaka nyingi, safari, na kufungiwa peke yake asione mwenzake, vyote vilikuwa vimemlemea farasi kwa pamoja.

Alasiri Malachy alimkuta Nuala anafungua skrubu za kufuli mlangoni.

"Nikusaidie?"

"Sihitaji." Skrubu iligoma. Akaipiga ngumi. "Nilikukosea, Malachy."

"Na mimi nilikukosea. Ila mimi sikununua kufuli."

Nuala akamtazama kwa jicho baya, halafu kicheko kikamponyoka. Akampa bisibisi.

Lasair alipewa dawa ya kupunguza asidi, akaachiwa malishoni pamoja na farasi mzee mpole aliyestaafu mbio. Aliporudi mazoezini hakukosa nyasi mbele yake, na kabla ya kutandikwa alipewa kwanza kidogo za kutafuna. Majira ya kupukutika majani alikimbia kwenye uwanja wa Naas akawa wa pili. Scully alilalamika kuhusu mpanda farasi. Nuala alilia nyuma ya lori, akasema ni upepo.

Majira ya baridi Lasair akauzwa kwa wafugaji wa Tipperary akazae. Siku ya kuondoka Nuala alimpandisha mwenyewe, kisha akamgeukia dereva. Utasimama wapi? Atapewa nyasi njiani? Huyu jike mwingine humu ndani, ana tabia gani? Na wewe, kazi hii umeianza lini?

"Mama, wewe ni askari?" dereva aliuliza.

"Jibu kwanza," alisema Nuala.

Dereva akajibu yote. Nuala akapanda tena, akakaza mwenyewe wavu wa nyasi uliokuwa umefungwa vizuri tu, ndipo akateremka na kumruhusu aondoke.