Nilivyokataa kiti cha mpiga kura alichoacha mke wangu, Brussels

Wakuu, habari za humu. Haya niliyafanya mwenyewe, siongezi chumvi.

Miaka ya tisini niliishi Ixelles, mtaa mmoja wa Brussels. Tulikuwa na chama cha watu wa Kiswahili: Watanzania wachache, Warundi, na Wakongo wengi wa Kivu.

Rais wa chama hatukumchagua moja kwa moja. Kila mtaa ulichagua wajumbe watatu, hao ndio waliompigia kura. Katiba yetu, page mbili tu, ilisema mjumbe akifa anaingia aliyefuata kwa kura baada ya wale watatu wa mtaa wake.

Mke wangu, Mama Neema, alikuwa mjumbe wa Ixelles. Akafariki wiki tatu kabla ya uchaguzi.

Hapo naomba nisieleze sana.

Aliyenishika mkono msibani ni Tonton Bahati, mtu wa Bukavu. Alilala kwangu wiki nzima, akapika, akapokea wageni. Na yeye ndiye aliyekuwa anagombea urais.

Siku ya kura akanifuata nyumbani.

"Papa Neema, kiti ya mama ni yako sasa. Wazee wamekubali, ni heshima ya kilio."

"Mimi sikuchaguliwa, Tonton."

"Bon, mulikuwa munalala kitanda moja, alors kura nayo ni moja."

Nikacheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Nikaenda naye.

Ukumbi ulikuwa karibu na Porte de Namur. Kila mtu alishajua hesabu: nikipiga mimi, Tonton anapita.

Nyuma alikaa Maman Furaha, aliyeshika nafasi ya nne Ixelles. Kiti kilikuwa chake, na alikuwa upande wa mpinzani wa Tonton. Hakukidai. Nani angemdai mfiwa?

Kiukweli nilitaka sana kumpigia Tonton.

Jina langu likasomwa. Nikasimama nikasema watu wa Ixelles walimchagua mke wangu, hawakunichagua mimi, kiti ni cha Maman Furaha. Nikakaa, Maman Furaha akaenda kupiga.

Tonton akashindwa kwa kura moja.

Hakunisalimia mpaka arobaini. Siku hiyo alikuja, akala, akanifuata mlangoni.

"Ningekuwa mimi, ningepiga."

"Najua," nikamjibu.

Urafiki haukurudi kama zamani. Nilichojifunza: watu wakikupa pole, ipokee, lakini haikupi ruhusa ya kuwasemea.

Wewe ungefanyaje, na mtu kalala kwako msibani wiki nzima? Semeni tu, msinionee huruma.