Koti la Hakimu

Fundi cherehani mmoja, waliyemwita Mama Futi kwa sababu futi ya kupimia nguo haikubanduka shingoni mwake hata akienda msibani, alikuwa na kesi. Kesi yenyewe wala haikuwa ya ajabu. Mkandarasi jirani yake alidai chumba cha kushonea kimeingia kwenye kiwanja chake, akataka kivunjwe. Chumba hicho ndicho kilichomlisha Mama Futi na kumsomeshea wanawe. Shahidi alikuwa naye mmoja tu, mama yake mzazi, aliyekuwepo siku mawe ya mpaka yalipochimbiwa. Miaka mitatu iliyopita bibi huyo alisimama kizimbani akayataja mawe moja baada ya jingine, akamtaja na aliyeshika jembe. Hata wakili wa mkandarasi alikosa la kuuliza.

Miaka mitatu, jamani! Leo hakimu ana semina, kesho faili halionekani, keshokutwa hakuna umeme.

Sasa siku moja hakimu akaingia na koti la kijivu, bitana yake rangi ya damu ya mzee. Mama Futi akashtuka, kwani koti lile alilishona yeye. Mafundi wadogo hugawiwa kazi na duka kubwa; wateja hawawaoni, wao hupewa karatasi ya vipimo basi. Mwaka jana aligawiwa makoti kumi na mawili ya harusi, kitambaa kimoja, na karatasini imeandikwa: ndugu wa bwana harusi tu. Moja lilikuwa la mtu ambaye mkono wake wa kushoto umezidi wa kulia kwa inchi nzima. Jingine, la tumbo kubwa, alikwishaliona mwezi uliopita humo humo mahakamani, mwilini mwa mkandarasi.

Akaenda kwa karani wa mahakama kuuliza kama hakimu na mkandarasi ni ndugu, akaambiwa aandike barua. Akaandika. Aliporudi, barua haina muhuri. Aliporudi tena, barua haionekani. Mara ya tatu karani akamuuliza, huku anatafuna kalamu, kama anataka kesi iishe au anataka kumfundisha hakimu kazi. Mama Futi akatoka amefura kwa hasira. Nyumbani mumewe akamcheka: kwani hakujua kwamba kesi ya ngedere imepelekwa kwa nyani? Shemeji yake akamwambia aachane nayo, mwenye nguvu mpishe.

Siku ya kesi alikwenda na mama yake. Bibi alikuwa amependeza, mkoba umetulia mapajani, ila njiani aliuliza mara nne wanakwenda wapi. Mara ya nne Mama Futi alimjibu kwa ukali, kisha akajichukia.

Hakimu naye koti alikuwa kalipenda, maana alilivaa tena. Kesi ilipoitwa, Mama Futi akasimama.

"Mheshimiwa, kabla hatujaendelea, naomba kuuliza. Una undugu na huyu bwana? Hilo koti nimelishona mimi, pamoja na lake. Mkono wako wa kushoto umezidi inchi moja."

Chumba kizima kikageukia mkono wa hakimu. Mkandarasi akashikwa na kikohozi. Hakimu akakunja uso, akaitazama mikono ya koti lake, kisha akakiri kwa sauti ya chini kwamba bwana harusi ni mtoto wa dada yake, kwamba mkandarasi ni shemeji yake, na kwamba alipaswa kulisema siku ya kwanza.

Siku ya kwanza! Na watu wanasema mwanamke huyu ana mdomo.

"Una haki ya kunikataa," hakimu akasema. "Ukinikataa, faili linakwenda kwa mwenzangu na mashahidi wote wanasikilizwa upya. Ukikubali niendelee, ushahidi uliokwisha kutolewa unabaki. Unasemaje?"

Mama Futi akamtazama mama yake, aliyekuwa akifungua na kufunga mkoba. Maneno ya bibi yalikuwa mle ndani ya faili, yote, pamoja na mawe yake. Nje ya faili hayakuwepo tena. Hasira ikampanda mpaka machozi yakamtoka, hasira ya barua iliyopotea na miaka mitatu, na kalamu ya hakimu inamsubiri.

"Nakukataa," akasema.

Akarudi kwenye benchi. Bibi akamshika mkono taratibu, kama anayemliwaza mgeni.

"Pole, binti," akamwambia. "Na wewe kesi yako inahusu nini?"