Blanketi la Vipande Thelathini na Sita

Ngazi zilikuwa ishirini na mbili, na kila jioni Bi Futi alizipanda taratibu, mkono mmoja ukutani na mwingine kiunoni. Chini kulikuwa na duka la vipuri vya baiskeli. Juu kulikuwa na vyumba vyake viwili, cherehani ya kukanyaga kwa miguu, na kwa wiki hizi za mwisho binti yake wa pekee, mwenye mimba ya miezi minane. Mkwe alikuwa dereva wa lori, na hakutaka kumwacha mkewe peke yake akiwa safarini.

Jina la Bi Futi alipewa kwenye karakana ya sare za shule, alikoshona kola kwa miaka ishirini na saba. Mashati yenyewe walimalizia wengine. Wenzake walisema mama huyu akikutupia jicho mara moja anakutajia kiuno chako kwa sentimita, na akikosea basi ni wewe uliyenenepa tangu asubuhi. Mwenyewe hakucheka sana. Kola iliyopinda aliifumua hata kama msimamizi ameshaipitisha.

Siku moja alimwomba msimamizi huyo ruhusa ya kuchukua mabaki ya vitambaa kwenye gunia la takataka.

"Mama, wenzako wanataka kunibebea majora mazima, wewe unaniomba uchafu?"

"Uchafu wenyewe si wangu," alisema Bi Futi. "Ndiyo maana naomba."

Mabaki hayo yalikuwa ya binti. Alitaka kumshonea mtoto wake blanketi la viraka, yeye ambaye tangu shule hakuwahi kushika sindano hata kwa kifungo kilichokatika. Sababu ilikuwa aproni. Alipokuwa na miaka kumi na miwili alitakiwa kushona aproni ya kupeleka darasani. Aliishona kombo, na alipolala mama yake aliifumua yote akaishona upya. Mwalimu aliinyanyua mbele ya darasa, na watoto wakapiga makofi. Mtoto alisimama pale akayapokea, akarudi nyumbani kimya. Bi Futi wakati ule alidhani amemsaidia.

"Utanielekeza kwa mdomo tu, mama," binti alisema sasa, kitambaa mapajani. "Mikono yako usiilete huku."

"Hata ukikosea?"

"Hasa nikikosea."

Bi Futi akaahidi. Akakata kadibodi ya pakiti ya chumvi, sentimita kumi na tano kila upande, akampa. Kazi yenyewe, alimweleza, haina maajabu. Weka kadibodi juu ya kitambaa, zungushia chaki, kata. Vipande thelathini na sita. Shona sita sita viwe mistari, kisha unganisha mistari sita. Chini weka blanketi jembamba la zamani, juu yake shuka laini, halafu viraka kifudifudi, shona pembeni pande zote ukiacha mwanya wa kupita mkono, ligeuze, uzibe mwanya. Mwanzo na mwisho wa kila mshono rudisha sindano nyuma mara moja, uzi usije ukaachia.

"Basi?"

"Basi. Kinachowashinda watu hapo ni uvivu tu."

Binti alikata kwa jioni tatu. Kila jioni alipanga vipande vyake mezani, akamgeukia mama yake aliyekuwa ametumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya moto.

"Mama, hebu tazama. Viko sawa?"

"Viko sawa, mwanangu."

Jioni ya pili aliuliza tena, na ya tatu. Majibu yalikuwa yale yale, macho yamefumbwa, kichwa kimeegemea ukuta. Kola mia mbili kwa siku si mchezo. Na binti, akijua nani amemjibu, hakuwa na shaka hata ya uzi mmoja.

Ijumaa alimaliza kushona mistari yote sita. Akaitandaza kitandani, mmoja chini ya mwingine, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mstari wa pili uliuzidi wa kwanza kidogo. Wa tatu ukauzidi wa pili. Wa sita ulitokeza kwa upana wa kiganja kizima, na hakuna kona hata moja iliyokutana na mwenzake.

Binti alikaa ukingoni mwa kitanda, tumbo mbele yake.

"Niambie ukweli, mama. Mkono wangu ndio mbovu? Maana kama hata hiki kimenishinda, ninyamaze tu, ninunue."

Bi Futi alisimama mlangoni, mkoba bado begani. Miguu ilikuwa inamuuma. "Tutaangalia kesho," alisema, akaenda kubandika maji.

Jumamosi karakana ilifunga saa sita mchana. Alipofika nyumbani hakukuwa na mtu. Binti alikuwa amekwenda kliniki. Bi Futi akavuta futi. Kipande cha kwanza kilikuwa sentimita kumi na tano kamili. Cha mwisho kilikaribia kumi na sita na nusu. Kadibodi aliikuta chini ya sahani dirishani, karibu safi, ina alama hafifu ya chaki ya mara moja tu. Akaelewa papo hapo. Binti alikata kipande cha kwanza kwa kadibodi, cha pili akakipimia kwa cha kwanza, cha tatu kwa cha pili, na unene wa chaki ukajiongeza kila mara. Nani angeliona hilo siku ya kwanza? Yeye. Angelitazama tu, angeliona.

Kulirekebisha ilikuwa kazi ya saa moja kwa mikono yake. Binti angerudi akute mistari imelingana, aambiwe kitambaa kilivutika, kimenyooshwa kwa pasi. Akachukua wembe. Mshono wa kwanza ulifunguka, lakini mwishoni uzi ukagoma. Akasogeza macho. Aliyeambiwa arudishe sindano mara moja alikuwa ameirudisha mara tatu. Akatazama mshono wa pili: mara tatu. Mishono yote ilikuwa hivyo, na imenyooka kuliko alivyoshona yeye mwaka wake wa kwanza.

Akaketi. Alichoka ghafla, uchovu usiokuwa wa miguu. Nyayo zilisikika kwenye ngazi, nzito, zikipumzika kila baada ya ngazi chache. Alikuwa na muda wa kutosha kuficha wembe. Aliuacha mezani.

Binti aliingia, akaona wembe, akaona vipande viwili vilivyotengana.

"Umeanza tena."

"Nimeanza. Nikaacha."

"Uliniahidi, mama."

"Nilikuahidi. Na kabla ya hapo nilikosea zaidi. Zile jioni tatu uliponiuliza, sikutazama hata kipande kimoja. Nilisema viko sawa ili unyamaze, nipumzike."

Binti alimkodolea macho. "Wewe? Bi Futi mzima?"

"Mimi. Mkono wako mzima kabisa. Ulipimia kipande kwa kipande badala ya kadibodi. Mimi ningekuambia siku ya kwanza, ingeisha palepale."

Chini, mtu alikuwa anajaribu kengele za baiskeli moja baada ya nyingine.

"Nilidhani kitambaa kwa kitambaa ndiyo vizuri zaidi," binti alisema mwishowe. Akavua viatu kwa kuvikanyaga visigino, akavuta kiti. "Nipe huo wembe. Na huo mshono mmoja uliofumua, nitaushona mimi pia. Wewe shika futi yako."

Akafumua mishono ishirini na tisa iliyobaki, akilaani zile sindano zake za kurudisha mara tatu. Kisha akaanza kukata upya kwa kadibodi, na kila kipande akakisukuma upande wa pili wa meza.

"Sawa?"

"Kimezidi kidogo upande huu."

"Hiki?"

"Sawa."

Jua lilihama kutoka mezani likaenda ukutani. Kwenye kipande cha kumi na tisa kope za Bi Futi zilikuwa zinashuka zenyewe.

"Sawa, mama?"

Neno lilikuwa tayari mdomoni. Kwa mbali, kwa jicho, kipande kilionekana hakina kasoro.

"Ngoja," alisema, akainama, akavuta futi.