Ndoo Aliyoimwaga Mama Klorini

Saa moja asubuhi, foleni ya wagonjwa ikiwa bado fupi, mwanamke mwembamba mwenye aproni ya plastiki anapima gramu mia sita za chumvi. Anaikoroga katika lita ishirini za maji, anazamisha mabamba mawili yenye nyaya, anawasha swichi.

Mapovu yanaanza kupanda. Baada ya saa tano, maji yale yatakuwa dawa ya kuua vijidudu.

“Umeme unatenganisha vilivyoshikana,” anaeleza. “Bamba moja linatoa hidrojeni, inapaa zake, ndiyo maana dirisha sifungi. Jingine linatoa klorini, nayo inachanganyika na maji humo humo ndipo dawa inapatikana. Si uchawi.”

Wenzake humwita Mama Klorini. Ana miaka 46 na ni mfagizi wa zahanati. Shule aliiacha kidato cha pili, mama yake alipougua.

Miaka miwili iliyopita mafuriko yalizoa daraja, lori la dawa likakwama ng’ambo, kipindupindu kikaingia. Wagonjwa 31 walilazwa ndani ya siku nne. Mashine hii ya kutengenezea klorini ilikuwa stoo, imejaa vumbi tangu fundi wake ahamishwe. Mfagizi huyu alikuwa akimtazama fundi kila alipopiga deki, basi akamwomba muuguzi mkuu amruhusu kujaribu. Muuguzi alisita, kisha akampa ufunguo.

Ndoo ya kwanza ilitoa mapovu vizuri tu. Lakini alipochovya karatasi ya kupimia, rangi ilikuja hafifu. Muuguzi, ambaye hakuwa amelala siku mbili, akasema itumike hivyo hivyo, kidogo si haba.

“Sista, hii ni chumvi yenye harufu,” alimjibu. “Tukidekia hii tutajidanganya sisi, atakayeumia ni atakayelala hapo kesho.”

Akaimwaga yote.

Alipokagua mabamba, akayakuta yamegandwa na utando mweupe wa chokaa ya maji magumu. Akayaloweka kwenye siki, akayasuuza, akaanza upya. Wauguzi wakachemsha maji jikoni wakisubiri, na wengine hawakumsemesha.

“Saa tano zile sijawahi kuomba Mungu hivyo,” anakumbuka.

Karatasi ya pili ilikolea. Wagonjwa wawili walikuwa wamekwisha kufariki kabla ya siku hiyo. Waliobaki walipona, wala hakuna mhudumu aliyeambukizwa. Ukimpongeza, anakukatiza: “Waliowatibu ni wauguzi. Mimi nilipiga deki.”

Sasa amejiandikisha kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa binafsi. Mwalimu wake wa kemia ni kitinda mimba wake, binti wa kidato cha tatu, ambaye, kwa maneno ya mama yake, hana huruma na kalamu nyekundu. Wiki iliyopita walifika sura ya elektrolisisi.

“Nikasoma, nikarudia tena,” anasema, akichungulia ndoo. “Kazi ya mikono yangu, kumbe ina sura nzima kitabuni. Nikifaulu, nitaomba mafunzo ya ufundi wa maji. Nimechoka kuitwa mfagizi anayejuajua.”