Udongo wa Nyuma ya Kitanda

Mdogo wangu alirudi nyumbani Bagamoyo kuja kujifungua mimba yake ya kwanza, kama ilivyo ada kwetu, na kabla hajashusha hata mkoba begani niliona ana kitu mdomoni. Nikamwuliza anatafuna nini. Akasema hatafuni. Nikamwambia atoe ulimi. Akautoa, nao ulikuwa mwekundu kwa udongo, kama wa mtoto aliyeanguka kifudifudi uani.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya sabini, na masika yalikuwa yameshika. Mumewe alikuwa kibarua bandarini Dar es Salaam. Alimleta mwenyewe hadi mlangoni, akanikabidhi mke na furushi la nguo, akasema, "Shemeji, huyu nakuachia. Akikushinda usiniite, mimi alishanishinda zamani." Nilicheka siku ile. Sikucheka tena kwa muda mrefu.

Niseme mapema, ili mtu asinione mkali bila sababu. Mama yetu alifariki siku alipomzaa huyu mdogo wangu, katika nyumba hiyo hiyo, katika chumba cha nyuma. Mimi wakati ule nilikuwa msichana wa kutumwa maji kisimani. Niliambiwa damu ilimwishia, basi, hapakuwa na maelezo mengine. Baba yetu alikuwa fundi cherehani. Hakuoa tena. Na ukimtaja Mama mbele yake, alikuwa anakumbuka ghafla kwamba uzi umekwisha, anavaa kofia yake, anatoka kwenda dukani kununua mwingine. Nyumba yetu ilijaa uzi. Mtoto nikamlea mimi. Nikaolewa, nikaachika, nikarudi, na mtoto bado alikuwa wangu. Sikuwa tayari kumlea tangu siku ile aliyokufa Mama, kisha nimzike kwa jambo lile lile.

Kwetu mwanamke mwenye mimba kula udongo si habari. Wageni wanaokuja kumtazama humletea, kama wanavyomletea mgonjwa machungwa. Jirani mmoja aliyekuwa na shamba Kerege alikuwa anakuja na udongo wa kichuguu amefunga kwenye gazeti, anaufungua kwa madaha kama anafungua halua. Wanawake wanaupokea, wanaunusa kwanza, wanasema huu una harufu ya mvua. Kisha wazee wao wao wanaokaa pembeni wanasema mla udongo hupata safura, anavimba uso na kuishiwa nguvu, na wakishasema hivyo wanamega na wao kidogo. Ukiwauliza inakuwaje, wanakuambia wewe hujazaa, hujui. Maneno hayo niliambiwa mara nyingi, na kila mara yaliniuma.

Basi nikampeleka kliniki. Nesi aliyekuwapo alikuwa mwanamke wa bara, mrefu, asiyependa maneno mengi. Alimvuta mdogo wangu kope la chini akatazama, akamtazama kucha, akamtoboa kidole, akadondosha tone la damu kwenye karatasi. Akaliweka tone lile kando ya kipande kingine cha karatasi chenye rangi nyekundu zilizopangwa, kuanzia iliyokoza mpaka iliyofifia. Alianza kulifananisha juu kabisa, akateremka, akateremka, na mimi nikawa nateremka naye, mpaka akafika karibu na mwisho. Tone la mdogo wangu lilikuwa kama maji yaliyooshewa nyama.

"Damu ndogo sana," akasema nesi. "Mtoto aliye tumboni anajichukulia chuma chake kwa mama, awe nacho mama au asiwe nacho. Akizaa na hali hii, hata akivuja kidogo tu, hana cha kuvuja. Hapa hatuna damu ya kumwongezea. Isipopanda itabidi tumpeleke Dar es Salaam mapema, na barabara hii mnaiona."

Tulikuwa tunaiona. Siku zile mabasi yalikuwa yanalala kwenye matope, abiria wanashuka kusukuma. Nikajiwazia mdogo wangu katikati ya hali ile, amelala kwenye kiti cha nyuma anavuja damu, na kondakta anapiga kelele wanaume washuke.

Tukapewa vidonge vya kuongeza damu. Nesi akaonya viwekwe juu, mbali na watoto wa jirani, kwa sababu chuma hicho hicho kinachomponya mama kinaweza kumwua mtoto akivila kama peremende. Nikaviweka juu ya kabati, na kila baada ya chakula nilisimama mbele ya mdogo wangu nikiwa nimeshika kiuno mpaka ameze. Alikuwa anakunja uso. Alisema vinamletea ladha ya msumari mdomoni na vinamchafua tumbo. Nikamwambia ameze, afungue mdomo, ainue ulimi. Alikuwa mwanamke mzima mwenye mume, namkagua meno kama mbuzi anayeuzwa. Wallahi nilikuwa naona aibu, lakini nilifanya.

Udongo nao nikaupiga vita. Yule jirani wa Kerege nilimpokea mlangoni, nikachukua gazeti lake na kila kilichokuwa ndani, nikamwaga barazani mbele ya macho yake. Hakutusalimia mpaka Idi. Nikapekua mito, nikapekua mifuko, nikapekua hata mtungi. Mdogo wangu akanitazama tu kwa upole, na upole wake ulinitia wasiwasi kuliko ubishi.

Maana kubisha alikuwa anajua. "Dada," alinianza siku moja, "nesi kasema nimepungukiwa na nini?"

"Chuma."

"Na chuma kinachimbwa wapi?"

"Ardhini."

"Na udongo huu mwekundu, wekundu wake ni wa nini? Si kutu? Na kutu si chuma? Sasa mnanikataza nini?"

Nikamwambia anyamaze. Mtu akishakujibu hivyo na wewe huna jibu, hasira inakupanda mpaka kichwani.

Tukarudi kliniki kwa tone la pili. Nesi akashusha kidole chake kwenye zile rangi nyekundu, akapita pale alipokuwa amesimama mara ya kwanza, akaenda chini zaidi. Akainua macho, akanitazama mimi, si yeye. "Vidonge hamezi."

"Anameza," nikasema. "Namsimamia mwenyewe."

"Anavitema ukigeuka."

"Sigeuki!"

Nesi akafikiri. Kisha akauliza choo chake kina rangi gani. Mdogo wangu akavuta buibui mpaka puani. Mimi sikuwa na la kuficha tena katika dunia hii, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kwenda kutazama. Nikasema ni cheusi, cheusi kama lami.

"Basi anameza kweli," akasema nesi, na kwa mara ya kwanza nikamwona amechanganyikiwa. "Weusi ule ni chuma kinachopita. Sehemu kubwa hupita kwa kila mtu, mwili huchukua kidogo tu. Huyu hata hicho kidogo hakimfikii. Kuna kitu kinakishika njiani." Akamgeukia. "Unakula udongo?"

"Sina udongo, nesi," mdogo wangu akajibu. "Dada kaumwaga wote."

Nesi akatueleza hata hivyo, na alieleza taratibu, kama anaona kuna mtu anayemdanganya ila hajui ni yupi. Akasema chuma cha kidonge kinayeyuka tumboni, na lazima kipenye ukuta wa utumbo ndipo kiingie kwenye damu. Udongo ukiwamo, unakinasa kabla hakijapenya, unakwenda nacho chooni. Na kile chuma cha kwenye udongo wenyewe? Kimeshikamana na udongo, tumbo haliwezi kukibandua. "Msumari nao una chuma," akasema, "mbona hatutafuni misumari?" Halafu akasema jambo lililonitisha kuliko yote: kwamba mtu akipungukiwa na damu ndipo anapozidi kuutamani udongo, na akizidi kuula ndipo damu inapozidi kupungua. Nilimtazama mdogo wangu. Alikuwa anatazama sakafu.

Njiani sikusema naye. Niliona nikifungua mdomo nitamtukana mtu mwenye mimba barabarani.

Wiki ile mvua ikapasua paa la chumba cha nyuma, maji yakawa yanadondoka juu ya kitanda chake. Kitanda chenyewe kilikuwa cha Mama, cha mvule, kizito. Nikamwita Baba aje tukisogeze. Mdogo wangu akasimama katikati ya chumba na tumbo lake, akasema hapana haja, ataweka bakuli. Nikamwambia bakuli aweke kichwani mwake. Akasema maji yenyewe si mengi. Nikajua kuna jambo. Tukakishika mimi na Baba, tukakivuta.

Nyumba zetu za zamani kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa udongo mwekundu na chokaa. Nyuma ya kitanda, usawa wa mkono wa mtu aliyelala, chokaa ya juu ilikuwa imebanduliwa, na udongo wa katikati ya mawe umechokolewa mpaka ngumi yangu ingeingia. Chini sakafuni palikuwa na vumbi jekundu, na kijiko changu, kile nilichokuwa nakitafuta tangu alipofika.

Nililipuka. Nilimwambia kila kitu. Nilimwambia kwamba nyumba ya urithi anaila, kwamba vidonge vya serikali anavizika, kwamba mimi nasimama kama askari mbele yake huku yeye akisubiri nigeuke ateremshe kidonge kwa ukuta.

"Udongo unaondoa ladha ya msumari, Dada," akasema, na akaanza kulia. "Nikimeza bila udongo natapika. Nilitaka visitoke."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa anakula udongo ili vidonge vikae. Nikakaa chini kabisa sakafuni. Hapo ndipo nilipomwona Baba. Alikuwa hatazami lile shimo. Alikuwa anatazama pembeni yake, ambapo palikuwa na kiraka cha saruji, kikubwa kama sahani, cha kijivu, kimepakwa chokaa zamani na chokaa imeambuka. Sikuwahi kukiona. Chumba kile watoto tulikuwa hatuingii.

Nilimwona Baba anapeleka mkono kichwani kutafuta kofia yake. Hakuwa nayo. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Pale nilipaka mimi," akasema. "Baada ya arubaini ya mama yenu. Alikuwa akila hapo, mimba zote mbili. Mimba yako wewe dada mtu alikula kidogo. Ya huyu alikula sana. Nilikuwa nasikia kijiko, nikasema ni uchu wa mimba, utapita. Alikuwa mweupe midomo. Nikasema na hilo litapita."

Mdogo wangu akaacha kulia. "Alikuwa analala upande huu huu?"

"Huu huu."

Hasira zangu zote nilizokuwa nazo kwa mdogo wangu zikahama, zikaenda kwa mzee aliyekaa kitandani, na sikuweza kumwambia chochote kwa sababu ni baba yangu na alikuwa analia. Miaka yote ile anakwenda kununua uzi! Mtoto wake anarudi kuzaa katika chumba kile kile, anapewa kitanda kile kile, na yeye amenyamaza.

Mdogo wangu aliinama kwa shida, akaokota kijiko, akamkabidhi Baba.

Kuacha haikuwa rahisi. Tulimhamishia chumba changu, chenye ukuta uliopakwa rangi ya mafuta. Nesi akasema ameze vidonge kwa maji ya ndimu, kwani ukali wake husaidia chuma kupenya, na chai ya rangi aiache mpaka baadaye. Kinywa kikimwasha akawa anamumunya ubuyu. Alitapika mara kadhaa, akanituhumu kwamba namtesa, nikamwambia ndiyo, namtesa. Mchana alikaa barazani karibu na cherehani, Baba anamwonesha kushona vifungo, ili mikono iwe na kazi. Tone la tatu lilipanda kidogo. La nne likapanda tena. Halikufika juu, lakini nesi alikunja karatasi yake, akasema, "Tutajaribu hapa hapa."

Alizaa mtoto wa kike, na alivuja damu. Nilikuwa nje mlangoni, nikasikia nesi anaitisha vitu kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, na Baba kando yangu anasoma dua moja tu, akifika mwisho anaanza upya. Damu ikakatika. Nesi alipotoka, mikono bado imelowa, aliniambia, "Kama angekuja na lile tone la kwanza," kisha akaenda kunawa.

Baada ya arubaini nilimkuta Baba katika chumba cha nyuma na mwiko wa kujengea, amekoroga saruji kwenye karai langu zuri la kufulia, bila kuniomba. Anataka kuziba. Mdogo wangu akaja na mtoto begani, akasimama mlangoni.

"Usizibe, Baba."

"Wadudu wataingia."

"Waingie. La kwanza uliliziba, nikakua sikuuliza kitu. Huyu ni wa kike. Mwachie aulize."

Baba akabaki na mwiko mkononi mpaka saruji ikaanza kugandia kwenye karai. Mimi ndiye niliyekwenda kulikwangua, nikilalamika peke yangu.

Shimo likabaki. Mtoto alipojua kutembea na kusema, akaingia chumba kile, akatia mkono humo mpaka kiwiko, akatuuliza nani amekula ukuta.

"Bibi yako," nikamwambia.

Baba alikuwa pale, ana kanzu ya mtu mapajani anaipinda kwa mkono. Nikamsubiri akumbuke kwamba uzi umekwisha. Akachomeka sindano kwenye kitambaa, akamwita mtoto akae.