Giza Tuliloomba Kilimani

Nilitumwa Iringa kutafuta giza. Ndiyo sababu ya safari, na najua inavyosikika. Mimi ni mwanafunzi wa fizikia, naishi Uyole, na ninachosomea ni pulsa: kiini cha nyota iliyokufa kinachozunguka kwa kasi na kumulika kama tochi inayozungushwa, hata sisi huku tunaona mwanga ukija na kukatika kama mapigo ya moyo. Sehemu ya mwanga huo ni miale ya gama. Yenyewe haifiki ardhini. Inapogonga hewa huko juu huacha mmweko wa buluu, hafifu na mfupi mno, na darubini kubwa zenye vioo hutegwa ardhini kuuvizia. Taa chache za jirani zinatosha kuufunika. Msimamizi wangu anatamani siku moja darubini ya aina hiyo ijengwe kwetu, Nyanda za Juu. Kwa hiyo akatukabidhi kamera ndogo, mimi na mwenzangu Rehema, tukapime giza la kilima kimoja nje ya mji wa Iringa.

Tuliondoka Uyole asubuhi, Rehema akiendesha pikapu ya chuo. Yeye ni mzaliwa wa Mbeya mjini, baba yake anauza vitambaa, na barabarani haongei sana. Tulipofika njia ya kwenda Rujewa akakata kona bila kuniuliza.

“Tunanunua mchele,” alisema. “Hatuendi kwa watu mikono mitupu.”

Mimi nilikuwa nimefikiria betri na nyaya tu.

Makambako tulipokelewa na upepo wa baridi, Mafinga na harufu ya mbao mbichi. Jioni tulilala Kihesa kwa shangazi yake Rehema. Alipoelezwa tunachotafuta, alicheka mpaka akashika ukuta. “Giza? Si mngekaa tu hapa, umeme ukikatika mpime!”

Kesho yake tulifika kijijini. “Kamwene,” alitusalimu Mama Faraja, mwenyekiti wa kitongoji, akitupokea mchele kwa mikono miwili. Nguzo za umeme barabarani zilikuwa bado zinanuka dawa. Umeme ulikuwa ndiyo kwanza umewafikia, na sebuleni kwake balbu iliwaka mchana kweupe. Hakuna aliyekuwa na haraka ya kuizima. Binti yake, Faraja, aliyekuja kujifungulia kwa mama, alituandalia ugali na maharage huku ameshika kiuno.

Mkutano ulifanyika nje ya zahanati. Nilieleza pulsa ni nini, wakasikiliza vizuri. Kisha nikaomba wazime taa zote kuanzia jioni, mpaka tumalize kupima. Mzee mmoja akasimama.

“Tumekaa gizani tangu tuzaliwe. Leo umeme umekuja, na mgeni naye amekuja kutuomba tuzime?”

Watu wakacheka. Mama Faraja hakucheka. “Ni siku chache tu,” alisema. “Hawa ni watoto wetu wamesoma. Tuwasaidie.”

Nesi akauliza, “Na zahanati?”

“Na zahanati pia, kama hakuna mgonjwa,” nilijibu. “Akija mgonjwa, mtuambie kwanza, tufunge kamera. Mwanga wa ghafla unaweza kuiunguza.”

Nilijiona nimejibu vizuri.

Mwanzoni mawingu yalitushinda. Kila jioni kijiji kilizima taa, na kila jioni anga likaziba. Siku ya mwisho, kiza kilipoanza kushika, mawingu yakapasuka na nyota zikajaa hadi kwenye ukingo wa milima. Mwezi haukuwepo. Rehema akafungua mfuniko wa kamera. Kwenye kompyuta mstari wa mwanga ukaanza kushuka polepole, ukashuka zaidi ya nilivyotarajia, nami nikasahau baridi.

Hapo ndipo tuliposikia mtu akipanda, akijikwaa kwenye mawe. Alikuwa Mama Faraja; simu zetu tulikuwa tumezizima kwa ajili ya kamera. Hakuwa amewasha hata simu yake, asituharibie.

“Samahani, wanangu,” alisema akihema. “Kuna mama amefika zahanati, uchungu umemshika. Nimekuja kuomba ruhusa tuwashe taa.”

Nilimsikia. Niliuangalia mstari, ulikuwa bado unashuka. Nikasema, “Sawa, mama. Subiri kidogo tu.”

Na yeye akaketi kwenye jiwe, akasubiri.

Sijui ilikuwa muda gani. Ninachokumbuka ni pumzi zake nyuma yangu, na mimi nikijiambia bado kidogo, mstari utulie kwanza. Ni Rehema aliyesema, “Lusajo, unasubiri nini?” Hakungoja jibu. Akabamiza mfuniko. “Washeni, mama! Wapigie simu, washeni!”

Mama Faraja akapiga, na chini dirisha moja likawaka. Tulishuka naye mbio. Mlangoni nesi alitupokea akikausha mikono: mtoto alikuwa ameshatoka, akiwa mzima, kwa mwanga wa tochi ya simu iliyoshikiliwa kwa meno.

“Na Faraja?” aliuliza Mama Faraja.

“Mzima, ila ametokwa na damu. Nilikuwa sioni vizuri. Sasa naona.”

Faraja. Ndiye aliyekuwa akiombewa taa. Nilibaki nje. Hakuna aliyenigeukia kunilaumu. Ningepata nafuu kama wangenigombeza.

Asubuhi, wakati wa kuondoka, Mama Faraja alitupakilia kiroba cha viazi na kunionyesha mjukuu; Faraja alikuwa amelala, damu ilishakata. Nilishindwa kumpokea. Nilisema mikono yangu ni ya baridi.

Mpaka tunaingia Uyole, kwenye kelele za malori, mimi na Rehema tulikuwa tumeongelea mafuta tu.

Chuoni msimamizi alifurahi. Aliwaonyesha wenzetu mchoro wa vipimo, akaweka kidole mahali mstari ulipokuwa chini kabisa. “Tazameni hapa. Giza safi.” Kilikuwa kipande cha muda ule niliomwambia Mama Faraja asubiri. Nilisimama nikawaeleza kilichokuwa kikitokea dakika zile, na kwamba nisingependekeza kilima chenye watu chini yake. Mchoro ulibaki ukutani.

Jioni hiyo nilimpigia Mama Faraja kumwomba radhi. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake. Aliongea kwa sauti ya chini, kama mtu anayeficha jambo kwa waliomo ndani.

“Usiseme hivyo, mwanangu. Mimi ndiye silali. Wewe hukujua ni Faraja, mimi nimemzaa. Swichi ya zahanati iko pale ukutani, ningeweza kuiwasha kwa mkono wangu. Nikapanda mlima kuomba. Ukaniambia subiri, nikakaa. Kwa nini nilikaa?”

Kule kijijini nilidhani nimeomba, kumbe wao walisikia amri. Hilo ndilo nililorudi nalo kutoka Iringa. Lakini swali lake lilikuwa langu, na yeye alikuwa amelibeba. “Ni mimi niliyekuambia subiri, mama,” nilisema, nikasikia mtoto akilia nyuma yake na swichi ya taa ikibofywa.