Jenereta Iliyosingiziwa

Harufu ya minofu ya sangara Prudencia aliizoea. Kilichomtia kinyaa ni uvivu wa watu wa kufikiri. Mwaka 1999, katika kiwanda cha samaki Kirumba, yeye ndiye aliyetunza seva, yaani kompyuta iliyowaonyesha wanunuzi wa ng'ambo mzigo uliopo na bei zake. Tangu jenereta mpya ifungwe, kila siku ya nne seva ilielemewa, kisha ikaganda kabisa. Dawa ya wote ilikuwa moja tu: zima, washa. Puu!

"Umeme wa jenereta ni mchafu," alisema meneja, Mutayoba.

"Inawezekana," Prudencia akajibu, bila kupima chochote. Kwa neno hilo moja mzee Obedi, fundi wa jenereta, akapewa barua: Jumamosi ndiyo siku yake ya mwisho kazini.

Jumatatu Prudencia alimkuta akiifuta mashine yake kwa kitambaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie wewe uliyesoma. Zamani umeme ulikatika kila siku, na kompyuta yako ilikuwa nzima. Leo haukatiki, ndiyo inaugua?"

 Prudencia aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Akachukua daftari, akawa anaandika kila saa nafasi ya kumbukumbu iliyobaki kwenye seva. Ilikuwa inapungua. Jumatano akaihamishia seva kwenye umeme wa kawaida. Ikaanza upya, nafasi ikapungua vilevile. Jenereta haikuhusika. Basi akafungua programu, akaisoma mstari kwa mstari, akiwa tayari kumtukana aliyeiandika.

Aliyeiandika ni yeye.

Kila mnunuzi aliyeingia alitengewa nafasi kwenye kumbukumbu, na nafasi ile ilirudishwa pale tu alipobonyeza kitufe cha kuaga. Kwao Bukoba mgeni haondoki bila kuaga, naye hakuwahi kudhani kuna watu wa namna nyingine. Wanunuzi walitazama bei, wakafunga ukurasa, wakaenda zao. Haba na haba hujaza kibaba: siku ya nne seva ilikuwa imejaa watu walioondoka zamani. Enzi za mgao, umeme ulipokatika, seva ilizimika na kuanza upya, na uchafu wa Prudencia ukafagiliwa kabla haujaonekana. Na yeye akajiita mtaalamu!

Ijumaa mchana alikuwa ameshasahihisha. Akaenda kwa Mutayoba, akamweleza yote.

"Safi," meneja akasema. "Kama imepona, yaishe. Usimwambie mtu, utajiharibia jina bure."

"Na mzee Obedi?"

"Barua imeshatoka, Prudencia. Nitaonekanaje nikiirudisha?"

Prudencia alimtazama, akaona ule ule uvivu, safari hii umevaa tai. Nakala ya barua ilikuwa mezani. Akaivuta, akachukua kalamu, akalikata jina la Obedi. Juu yake akaandika lake.

"Sasa tia sahihi," akasema.